Je, saratani iliyofika mapafuni ndiyo ile ile ya kisiginoni?

SWALI: Shikamoo daktari. Shangazi yangu ana miaka 61. Mwaka 2022 alikatwa baka jeusi kisiginoni, tukaambiwa ni saratani ya ngozi aina ya melanoma na kwamba yote imeondolewa. Baadaye akaota mitoki ya mguu ule ule, na sasa picha zinaonyesha vivimbe mapafuni. Vinyama viwili, cha kisigino na cha mtoki, vilipelekwa India kupimwa vinasaba. Ripoti ya kwanza inataja badiliko la jeni ya NRAS peke yake. Ya pili inataja lile lile, na juu yake inasema jeni ya CDKN2A imepotea na sehemu za kromosomu kadhaa zimezidi. Je, ni saratani mbili? Au saratani hubadilika inapotembea? Kama mitoki ingetolewa mapema, ingefika mapafuni? Na sisi watoto wa kaka zake tuna hatari gani? (Msomaji, Tanga)

JIBU: Marahaba, na poleni sana nyumbani. Nitatanguliza jibu fupi, kwa sababu najua mnaosubiri majibu ya hospitali hamna subira ya utangulizi. Ni saratani moja, si mbili. Imebadilika, lakini sehemu kubwa ya mabadiliko yaliyoifanya iwe saratani yalikwisha kutokea kisiginoni kabla ya seli hata moja kuondoka. Na yale yaliyoongezeka baadaye si “jeni ya kusambaa”, kwa maana jeni ya namna hiyo, ambayo ingekuwamo katika kila melanoma iliyosambaa na kukosekana katika zisizosambaa, imetafutwa kwa miaka mingi bila kupatikana. Maelezo yake ni marefu kidogo.

Zamani katika pwani yetu, kabla mitambo ya kupiga chapa haijaenea, tenzi zilinakiliwa kwa mkono kwa hati za Kiarabu. Mnakili mmoja akikosea neno, kila aliyenakili kutoka kwake alilirithi kosa lile, kisha akaongeza makosa yake mwenyewe. Mtaalamu anayekusanya leo nakala tano za utenzi mmoja hahitaji kuambiwa ipi imezaa ipi, kwa sababu akiyapanga makosa, makosa yenyewe humwonyesha ukoo: lililomo katika nakala zote ni la kale, na lililomo katika mbili tu lilitokea baada ya njia kuachana. Ana tahadhari moja, nayo ni kwamba kosa ambalo mtu yeyote aliyechoka angelifanya, kama kusahau nukta juu ya herufi, si ushahidi wa udugu, kwani wanakili wawili wasiojuana wanaweza kulifanya kila mmoja kwa wakati wake. Ushahidi ni lile kosa la ajabu ambalo hakuna awezaye kulibuni mara mbili.

Seli nayo ni mnakili. Kila inapogawanyika hunakili takriban herufi bilioni 6 za DNA, na ingawa ina wasahihishaji hodari ndani yake, makosa machache hupita na kubaki katika kizazi chake chote. Tunapopima kinyama cha kisigino na kinyama cha mtoki, tunafanya kazi ya yule mtaalamu wa tenzi. Hapo ndipo ninapolazimika kuwa mwangalifu na ripoti zenu, kwa sababu badiliko la NRAS katika nafasi ya 61 ya protini ni kosa la kawaida, na wagonjwa wawili wa nchi mbili tofauti wanaweza kuwa nalo herufi kwa herufi. Peke yake lisingemridhisha hakimu mkali. Kinachoridhisha ni kwamba mitoki ya kinena ndiyo inayopokea limfu, yaani majimaji yanayochujwa na tezi, ya mguu ule, kwamba shangazi hana baka jingine lililowahi kuonekana, na kwamba melanoma mbili katika mtu mmoja mwenye ngozi nyeusi ni jambo la nadra mno. Mkitaka uhakika wa mwisho, iulizeni maabara kama vinyama hivyo viwili vinashirikiana pia yale mabadiliko madogo madogo yasiyo na kazi yoyote, ambayo ripoti za wagonjwa kwa kawaida hazichapishi. Hayo ndiyo makosa ya ajabu.

Sasa turudi kisiginoni, kwa kuwa melanoma ya unyayo si ndugu wa karibu wa melanoma inayosimuliwa sana Ulaya na Australia. Zote mbili huanza katika melanositi, yaani seli zinazotengeneza rangi ya ngozi, lakini zinaharibika kwa njia tofauti. Mwaka 2010 watafiti wa taasisi ya Sanger, Uingereza, walichapisha vinasaba vyote vya melanoma moja, miongoni mwa saratani za kwanza kabisa kusomwa herufi kwa herufi, wakahesabu herufi 33,345 zilizobadilishwa. Nyingi zilikuwa na sahihi ya jua: mionzi ya urujuanimno inapopiga DNA hugandisha herufi mbili zilizo jirani, na seli ikijaribu kutengeneza mahali pale, C hugeuka kuwa T, wakati mwingine CC nzima ikawa TT. Ukiiona sahihi hiyo unajua kilichofanya kazi ni jua, kama fundi anavyojua kwa kutazama ubao kuwa ulitobolewa na mchwa.

Unyayo hauoni jua. Ngozi yake ni nene, imegeukia chini, na melanoma inayoota pale, kwenye viganja au chini ya kucha kwa kawaida haina sahihi ile kwa kiasi cha kutajika. Uchunguzi wa melanoma 183 uliochapishwa Australia mwaka 2017 ulionyesha tofauti hiyo waziwazi: melanoma za ngozi iliyochomwa na jua zilikuwa na makumi ya mabadiliko katika kila herufi milioni moja, ilhali za unyayo na za utando laini wa ndani zilikuwa na machache tu, ila kromosomu zao zilikuwa zimevunjika, zimeunganishwa ovyo, na vipande fulani vimerudufiwa mara nyingi. Moja ina maelfu ya herufi zilizokosewa. Nyingine ni kitabu kilichochanwa kurasa na kushonwa tena kwa mpangilio usiofaa, huku ukurasa mmoja ukirudiwa mara ishirini. Kilichoanzisha kuchanwa huko hakijathibitishwa. Wako wanaoshuku uzito wa mwili, kwa kuwa kuna uchunguzi ulioona kuwa baka hutokea zaidi pale unyayo unapokandamizwa.

Hii ndiyo aina inayoongoza kwa melanoma miongoni mwetu Waafrika weusi, na ndiyo iliyomwua Bob Marley. Iligunduliwa mwaka 1977 chini ya ukucha wa kidole gumba cha mguu wake wa kulia, akafa Miami tarehe 11 Mei 1981, akiwa na miaka 36, ikiwa imefika kwenye ubongo. Nimesikia mara nyingi vijiweni kwamba aliipata kwa sababu baba yake alikuwa mzungu. Melanoma ya chini ya ukucha haifuati weupe wa ngozi. Huwapata watu wa rangi zote kwa kiwango kisichopishana sana. Sisi huonekana kama tunaipata zaidi kwa sababu ile nyingine, ya jua, hatuipati sana.

Kuna jambo moja ambalo ningependa mlione kama ninavyoliona mimi kwenye hadubini. Kipande cha ngozi ya kisigino kina tabaka la juu la gamba gumu, nene kama ukoko wa wali, na chini yake seli zilizopangana hadi kwenye mstari mmoja unaopinda kama mawimbi. Katika mstari huo, baada ya kila seli kadhaa, unakuta melanositi moja imekaa kimya. Karibu na baka zinaongezeka, zinakuwa na viini vikubwa, zinapanda juu mahali zisipotakiwa. Ukisogeza kioo mbali na baka unafika mahali ambapo kila kitu kinaonekana salama. Lakini mwaka 2000 timu ya Boris Bastian, aliyefanya kazi San Francisco, ilipopaka vipande vya namna hii rangi inayong'aa penye jeni zilizorudufiwa, ilikuta melanositi moja moja katika ngozi hiyo iliyoonekana salama zikiwa na marudufu yale yale yaliyomo katika baka. Kwa macho zilikuwa seli za kawaida. Kwa vinasaba zilikuwa tayari za ukoo ule. Ndiyo maana daktari wa upasuaji hukata ngozi nzuri kuzunguka baka, na ndiyo maana mgonjwa anayelalamika kwamba “amekatwa nyama nyingi bure” hajaelezwa vizuri.

Hilo linatufundisha kwamba katika melanoma ya unyayo kurudufiwa kwa vipande vya kromosomu kunaweza kuwa hatua ya mwanzo kabisa, kabla hata baka halijaonekana. Katika melanoma ya ngozi iliyopigwa na jua ngazi ni nyingine, na imechorwa vizuri zaidi. Mwaka 2015 A. Hunter Shain, Bastian na wenzao walichapisha uchunguzi wa melanoma 37 ambazo bado zilikuwa zimepakana na waa lililozizaa, wakapima jeni 293 katika waa na katika saratani kando kando. Waa la kawaida, lile ambalo watu wengi wanalo mwilini, lilikuwa na badiliko moja tu la maana, herufi moja ya jeni ya BRAF iliyogeuka kutoka T kuwa A, inayobadili nafasi ya 600 ya protini. Badiliko hilo, lililogunduliwa mwaka 2002, limo katika karibu nusu ya melanoma zote za ngozi, lakini limo pia katika mawaa mengi ambayo hayatageuka saratani maishani, kwa sababu seli ikisukumwa na BRAF hugawanyika kwa muda, kisha hufunga breki na kusimama. Hatua iliyofuata, katika mawaa ya kutiliwa shaka, ilikuwa badiliko la mwanzoni mwa jeni ya TERT, linaloipa seli uwezo wa kukarabati ncha za kromosomu zake na hivyo kugawanyika bila kuchoka. Kupotea kwa nakala zote mbili za CDKN2A kulionekana tu katika melanoma zilizokwisha kupenya na kuingia ndani ya ngozi. PTEN na TP53 zilikuja nyuma zaidi, katika zile zilizokomaa.

CDKN2A ndiyo breki yenyewe niliyoitaja. Inaagiza protini inayoiambia seli isimame. Ikipotea, mguu umetolewa kwenye breki, na kinachobaki ni mafuta tu: BRAF kwa wengine, NRAS kwa shangazi yako. Kumbuka kwamba katika ngazi hiyo CDKN2A ilipotea baka likiwa bado pale pale kwenye ngozi, halijasafiri kwenda popote. Nitairudia nukta hii nitakapofika kwenye ripoti ya pili.

Kwa nini basi melanoma haihitaji jeni mpya ili isafiri? Jibu ninaloliamini zaidi limo katika utoto wa seli hizi. Mimba ikiwa na wiki chache, melanositi hazipo kwenye ngozi. Wazazi wake wamo katika ukanda mwembamba mgongoni mwa kijusi, ule ule unaozaa pia baadhi ya neva, na kutoka huko husafiri, seli moja moja, zikipenya katikati ya tishu nyingine hadi zifike usoni, viganjani na kwenye nyayo. Kwa maneno mengine, melanositi ni seli ya msafiri. Maarifa ya kupenya na kuhama imeyabeba katika vinasaba vyake tangu mwanzo. Kilichofanyika utu uzima ni kuyafungia kabatini. Seli ya melanoma hulifungua kabati hilo kwa kuwasha na kuzima jeni ilizonazo bila kubadili herufi hata moja, na inaweza kulifunga tena ikifika inakokwenda ili ianze kugawanyika. Vipimo vya DNA, kama hivyo mlivyopeleka India, havioni tendo hilo hata kidogo. Kwa hiyo ripoti inapokuwa fupi, msidhani seli ile ni mjinga.

Hapa nafika kwenye swali ambalo naona ndilo linalowaumiza zaidi: kama mitoki ingetolewa mapema, je, mapafu yangepona? Kwa muda mrefu madaktari walifikiri saratani husafiri kama daladala, kutoka kituo hadi kituo, yaani kwanza ngozi, kisha tezi za kinena, kisha mapafu au ini, na kwamba ukiziba kituo cha pili umekata njia. Vinasaba vimeonyesha mambo yakiwa mengine. Mwaka 2015 ulichapishwa uchunguzi wa wagonjwa wanane, kila mmoja akiwa amepimwa baka lake la kwanza pamoja na vivimbe kadhaa vilivyosambaa, na makosa yalipopangwa kama nilivyoeleza, wengi wao walionekana kuwa na vikundi tofauti vya seli vilivyoondoka kwenye baka lenyewe, kimoja kikaenda kwenye tezi na kingine kikaenda mbali, sambamba, bila kingine kupitia kwa mwenzake. Kivimbe cha pafu hakikuwa mtoto wa mtoki. Walikuwa ndugu, baba mmoja.

Jaribio kubwa la tiba lililochapishwa mwaka 2017 linakubaliana na picha hiyo. Watu zaidi ya 1,900 ambao tezi ya kwanza kupokea limfu kutoka penye baka ilikutwa na chembe za melanoma waligawanywa, wengine wakaondolewa tezi zote zilizobaki na wengine wakafuatiliwa kwa ultrasaundi. Waliokatwa hawakuishi zaidi ya waliofuatiliwa kwa kigezo cha kufa kwa melanoma, ila waliokatwa walipata zaidi uvimbe wa kudumu wa mguu au mkono. Hiyo haina maana kwamba mtoki uliokwisha kuvimba uachwe. Huo hutolewa pale inapowezekana, kwa sababu unauma, unapasuka, na unatoa kinyama cha kupima. Lakini mzigo wa kujilaumu kwamba mlichelewa kwenye mitoki na ndiyo sababu ya mapafu, muuweke chini. Kuna uwezekano mkubwa kwamba seli zilizoota mapafuni zilikwisha kuondoka kisiginoni kabla ya kisu cha mwaka 2022. Kinachotabiri hilo zaidi ni unene wa baka siku lilipokatwa, kipimo cha milimita kilichoanzishwa na Alexander Breslow mwaka 1970, nacho kimeandikwa katika ripoti ya kwanza kabisa ya patholojia. Baka lisilofika milimita 1 husambaa mara chache; la zaidi ya milimita 4 husambaa mara nyingi, hata likikatwa vizuri.

Seli zikishafika ugenini zinaendelea kubadilika, lakini kwa mtindo mwingine. Herufi moja moja hazichangii sana. Kinachotawala ni wingi na uchache wa kromosomu nzima. Watafiti wa kituo cha Peter MacCallum mjini Melbourne, waliochunguza vivimbe vya wagonjwa waliokubali miili yao ipimwe mara baada ya kufa, walichapisha mwaka 2021 kwamba melanoma ya hatua za mwisho hutawaliwa na kurudufiwa kwa vinasaba vyote kwa mkupuo, kromosomu 46 zikawa 92, kisha kupotea kwa baadhi ovyo ovyo. Ukishakuwa na nakala nne za kila ukurasa unaweza kuchana mmoja au wawili bila kufa, na seli inayoweza kuchana kurasa bila kufa inaweza kujaribu mambo mengi.

Uchunguzi wa kina kuliko yote niijuayo ni wa Uingereza, uliochapishwa mwaka 2023: sampuli 573 kutoka kwa wagonjwa 14 tu, nyingi zikiwa zimechukuliwa baada ya kifo. Karibu sampuli 40 kwa kila mtu! Humo kurudufiwa kwa vinasaba vyote kulikuwa jambo la mara kwa mara, na upotevu wa kromosomu mara nyingi uliangukia jeni zinazoiwezesha seli kujionyesha kwa askari wa kinga ya mwili. Mgonjwa mmoja alikuwa na kivimbe kilichopandwa na seli za matabaka tofauti zilizofika pamoja, nyingine zikiwa zimerudufiwa na nyingine bado. Na vivimbe vya ubongo vilionekana vimeachana na ukoo mapema sana ingawa vilijitokeza mwishoni mwa ugonjwa, maana yake seli zile zilikaa kimya kwa muda mrefu kabla ya kuota. Huwa nalikumbuka hilo kila ndugu wa mgonjwa anaponiambia, “Lakini mwaka jana picha ya kichwa ilikuwa safi.”

Mabadiliko makali kuliko yote hutokana na dawa. Dawa ya vemurafenib iliidhinishwa Marekani mwaka 2011 kwa melanoma zenye badiliko la BRAF, na madaktari waliona vivimbe vikiyeyuka ndani ya wiki chache, kisha kurudi baada ya miezi. Zilipopimwa zilizorudi, zilikutwa zimepata njia za kuzunguka kizuizi: nyingine zimerudufu BRAF yenyewe, nyingine zimebadili NRAS au jeni za MEK, na mgonjwa mmoja aliweza kuwa na njia moja katika kivimbe cha bega na nyingine katika kivimbe cha ini. Dawa za kuamsha kinga huleta shinikizo la aina yake. Mwaka 2016 timu ya Los Angeles ilieleza wagonjwa wanne waliopona kwa muda kwa dawa ya pembrolizumab kisha wakarudiwa: wawili walikuwa wamepoteza JAK1 au JAK2, jeni ambazo kupitia kwake seli husikia amri ya kinga, na mmoja alikuwa amepoteza B2M, ambayo bila hiyo seli haiwezi kujionyesha. Dawa haikuyaumba mabadiliko hayo. Iliziua zilizokuwa hazinayo, ikaachia shamba zile chache zilizokuwa nayo.

Kwa shangazi, hapa pana onyo la vitendo. Mtu yeyote akiwashauri mnunue tembe za BRAF kwa sababu “ni dawa za melanoma”, mkatae. Katika seli yenye badiliko la NRAS na BRAF iliyo nzima, tembe hizo zikitolewa peke yake huweza kuisukuma njia ile ile ya ukuaji badala ya kuifunga. Zinazoweza kumfaa ni dawa za kuamsha kinga, ijapokuwa melanoma ya unyayo huitikia kidogo kuliko ya jua, kwa sababu ina makosa machache ya herufi na hivyo kinga ina alama chache za kuitambulisha. Uamuzi huo, pamoja na gharama yake, ambayo kwa familia nyingi ni ya kuuza shamba, muujadili na daktari wa saratani anayemwona yeye mwenyewe.

Sasa ripoti mbili. Ya pili kutaja CDKN2A iliyopotea hakuna maana moja tu, na nadhani maabara ingewasaidia kama ingelieleza hili. Yawezekana ni kweli kwamba upotevu ulitokea baadaye, katika kikundi kilichokwenda kwenye tezi. Yawezekana pia ulikuwamo kisiginoni, lakini katika pembe ya baka ambayo haikukatwa kipande cha kupima, kwani baka moja lina matabaka ya seli kama mtaa wenye koo tofauti. Na yawezekana, nami ndilo ninaloliwekea uzito zaidi, kwa kuwa katika ile ngazi CDKN2A ilipotea baka likiwa bado kwenye ngozi, ulikuwamo hata katika kipande kilichopimwa na haukuonekana. Kinyama cha kisigino huchanganyika na seli nyingi za kawaida za ngozi, mishipa na kinga. Herufi iliyobadilika, kama ya NRAS, huonekana hata seli za saratani zikiwa robo tu ya mchanganyiko. Lakini jeni iliyopotea ni pengo, na pengo hufunikwa na nakala nzima zilizomo katika seli za kawaida. Mtoki uliovimba, kinyume chake, mara nyingi umejaa saratani tupu, na pengo linaonekana wazi. Ripoti nzuri huandika asilimia ya seli za saratani katika kila kinyama. Zitazameni mbili zenu: ya kwanza ikiwa imeandikwa asilimia 20 au 30 na ya pili 80, tofauti iliyowashtua huenda ni ya kipimo zaidi kuliko ya ugonjwa.

Kuhusu ninyi watoto wa kaka zake, mabadiliko yaliyotajwa katika ripoti hizi karibu kwa hakika yalitokea katika melanositi moja ya kisigino na kizazi chake, hayamo katika damu yake wala hayarithiwi. Zipo koo ambazo CDKN2A iliyoharibika hurithiwa, nyingi zikiwa za asili ya Ulaya, na huko utakuta watu kadhaa wa ukoo mmoja wenye melanoma au saratani ya kongosho. Hamkunitajia jambo la namna hiyo, kwa hiyo sioni sababu ya ninyi kupimwa damu. Baka jeusi kwenye unyayo au mstari mweusi chini ya ukucha unaopanuka ni jambo la kumwonyesha daktari, kwenu kama kwa mtu mwingine yeyote.

Ombi langu ni moja. Hospitali iliyomkata kisigino inapaswa kuwa na kinyama kile kimehifadhiwa ndani ya kipande cha nta, chenye namba yake, na maabara ya India mara nyingi hurudisha kilichobaki. Kitafuteni, mjue kilipo, na mtoki nao vivyo hivyo, kwa sababu daktari akitaka kupima jeni nyingine iitwayo KIT, au jaribio jipya la dawa likihitaji sampuli, vipande hivyo viwili vya nta vitatosha bila shangazi kuchomwa sindano nyingine. Ila akianzishwa dawa, kisha kivimbe kimoja cha pafu kikakua wakati vingine vinapungua, hapo vipande vya nta vya zamani havitoshi. Kinachotakiwa kuchomwa na kupimwa ni kile kinachokua.